Mary Vaux alikuwa mchoraji kabla hajaolewa

Mhariri,

Makala yenu kuhusu wachoraji wa maua wa Marekani nimeisoma yote, ni nzuri, ila mlipofika kwa Mary Vaux Walcott mkaandika tu kwamba alikuwa mke wa mkuu wa Smithsonian, ile taasisi ya utafiti na makumbusho ya Marekani, na alipenda kuchora, kiukweli hapo mmeniumiza.

Ndoa yenyewe ilifungwa 1914, huyu mama keshavuka miaka 50, na baba yake hakuitaka kabisa. Sasa miaka yote ya nyuma alikuwa anafanya nini? Mama yake alifariki 1880 na yeye ana miaka 19 tu, akabaki kuangalia nyumba kule Philadelphia, mzee pamoja na wadogo zake wawili wa kiume. Mimi ni dada mkubwa, nimemuuguza baba kwa miaka, najua siku inavyokatikakatika mpaka nusu saa ya kwako mwenyewe unaikosa. Yeye wakienda milima ya Rockies kule Kanada wakati wa kiangazi anatoa brashi na rangi za maji anachora maua ya mwituni hukohuko kambini yakiwa bado mabichi, maana yakishachumwa hayachelewi kunyauka, na anayachora kwa ukubwa wake halisi, jani, shina, mizizi ikibidi, kiasi kwamba mtaalamu wa mimea akiitazama picha analijua ua. Hapohapo na wadogo zake wanapima Illecillewaet, barafu kubwa ya mlimani hukohuko Kanada, kwa sababu waliiona 1887, wakarudi 1894 wakakuta imeshapungua. Mwaka 1900 akapanda Mlima Stephen, zaidi ya mita 3,000, na sketi ndefu za enzi zile!

Smithsonian walianza kuchapisha picha zake za maua 1925, mume akafariki 1927 katikati ya shughuli, na yeye akaendelea mpaka 1929 zikatimia juzuu 5, picha 400. Mtu anachora picha 400 halafu mnamwandikia mstari mmoja, tena wa mume?

Na kule Jasper, hifadhi ya taifa ya Kanada, kuna mlima unaitwa Mount Mary Vaux. Jina alilitoa rafiki yake Mary Schäffer, naye mchoraji wa maua, mwaka 1908, yaani miaka 6 kabla ya hiyo ndoa. Naomba toleo lijalo mrekebishe, na muweke hata picha moja ya maua yake tuione.

Msomaji wenu, Morogoro