Sikukuachia

Mwanangu mpenzi,

Jana usiku, baada ya mbio zetu za magari kwenye gemu ya Mario Kart, uliweka padi ya kuchezea mezani, ukanitazama, ukasema, "Umeniachia nishindwe makusudi, yaani umeniachia ushindi, mama." Kisha ukaenda kulala bila hata kuufurahia ushindi. Nilikufuata hadi mlangoni nikakwambia si kweli, nawe ukajifunika shuka gubigubi. Basi nimekaa kukuandikia, maana maneno ya mdomo umeshayakataa, na jambo hili sitaki lipite hivihivi.

Sikukuachia. Ulinishinda.

Najua kwa nini huniamini. Ulipokuwa na miaka minne nilikuachia mara nyingi, na ulipofika mitano pia. Nikikaribia mstari wa mwisho nilikuwa naondoa kidole kwenye kitufe cha mwendo, nakusubiri upite. Na kuna jingine ambalo hukulijua. Unakikumbuka kile kijiti chembamba kama antena kilichokuwa nyuma ya gari lako? Uliniuliza ni nini, nikakwambia ni pambo. Hakikuwa pambo. Ni alama kwamba gari linasaidiwa usukani: ukianza kuacha barabara au kuelekea shimoni, gemu yenyewe inalirudisha. Mario Kart 8 Deluxe ilipotoka mwaka 2017 ilikuja na msaada huo, na mimi nilikuwekea kimyakimya. Nisamehe kwa uongo wa pambo. Kukuwekea sijutii, maana bila hivyo ungekuwa unatumbukia kila kona na ungeuchukia mchezo kabla hujauonja.

Mwaka jana, nilipokuona unaanza kuzilaza kona mwenyewe, niliuzima. Hukutambua. Msaada ule unambana mtu pia. Haumruhusu kukatiza njia za mkato zilizo nje ya lami, na cheche za zambarau, zile zinazompa anayeserereka msukumo mkubwa kuliko zote, hazipati kamwe. Sasa rudi kwenye ile kona ya mwisho ya jana. Uliserereka, magurudumu yakatoa cheche za buluu, zikageuka rangi ya chungwa, nawe ukavumilia, ukavumilia, huku ukuta unakusogelea. Zilipotoka zambarau ndipo ukaachia, gari likaruka kama limepigwa teke. Nani alikushikia usukani hapo?

Nikueleze mbio zile kama nilivyoziona mimi, kwa sababu naamini wewe ulikuwa na shughuli nyingi mno hata usijione. Barabara ilikuwa Toad's Turnpike, ile ya magari mengi, ambayo mimi naijua tangu utotoni. Namba 2 ilipotokea kwenye kuhesabu ulibonyeza palepale, ukatoka na kasi, mimi nikachelewa kidogo. Raundi ya pili ulikuwa wa kwanza na ulikuwa na honi, kitu cha kujikinga ulichookota barabarani. Niliiona, si upande wako wa kioo uko hapohapo pembeni mwa wangu? Nami nikapata gamba jekundu, lile linalomfuata mtu mpaka limpate, nikakutupia bila huruma hata chembe. Honi ingelivunja. Hukuibonyeza. Ukapigwa, ukazunguka, sarafu zako tatu zikatawanyika barabarani, ukashuka hadi nafasi ya nne. Nikasema moyoni, mtoto amesahau kama ana honi.

Hukuwa umesahau. Raundi ya tatu ulirudi mbele, ukizoa sarafu moja moja maana unajua kila sarafu, hadi kumi, inaongeza mwendo. Ndipo kile king'ora kikalia: gamba la buluu. Linamtafuta aliye wa kwanza peke yake. Nilikuwa nyuma yako hatua chache, nikajisogeza kando ili lisitulipukie pamoja, nikasubiri kukupita. Likafika, likazunguka juu ya kichwa chako, na linaanza tu kushuka ukapiga honi. Likapasuka hewani. Mwanangu, nilipiga kelele. Ulidhani nalia kwa kushindwa, kumbe nilishangilia. Mtoto wa miaka tisa alikubali kupigwa na dogo ili ajikinge na kubwa ambalo lilikuwa halijatupwa bado! Mimi katika umri wako nisingeweza.

Baada ya hapo nilibakiwa na uyoga mmoja, ule unaoongeza kasi kwa muda mfupi. Niliutumia kwenye mnyooko wa mwisho, nikiegemea mbele kana kwamba mwili wangu unaweza kulisukuma gari. Hukunizidi hata urefu wa gari zima, lakini ulinizidi.

Tena fikiria jinsi gemu hii inavyogawa vitu. Aliye nyuma kabisa hupewa nyota, au lile risasi kubwa linalomchukua na kumpitisha kwa wenzake. Aliye mbele hupewa ganda la ndizi na sarafu, honi mara chache mno. Wapo watu wazima wanaolalamikia mpango huo, wanasema unamwadhibu mwenye bidii. Mimi naupenda, kwa sababu ndio unaotuwezesha mtu wa miaka minne na mtu wa miaka arobaini kukaa kwenye kochi moja na wote tukawa na roho juu. Lakini wewe jana ulikuwa mbele muda mwingi, mahali ambapo gemu haimpi mtu kitu. Haikukusaidia. Na mimi sikukusaidia.

Sijui kama nimewahi kukusimulia mchezo huu ulivyoanza. Waliotengeneza wa kwanza, Super Mario Kart wa mwaka 1992, tayari walikuwa na gemu nyingine ya mbio, F-Zero, yenye barabara ndefu zilizonyooka na magari ya kasi kubwa, lakini ilichezwa na mtu mmoja. Walitaka wawili wacheze kwa pamoja kwenye televisheni moja. Mashine ya wakati ule haikuweza kuchora kasi ile mara mbili kwa wakati mmoja, kwa hiyo wakafupisha barabara, wakazikunja kwa kona nyingi, wakatumia vigari vidogo. Dereva wa majaribio alikuwa mtu tu aliyevaa ovaroli. Mario aliingizwa baadaye. Yaani kuanzia mwanzo, kabla hajawapo hata dereva mwenye jina, nia ilikuwa watu wawili wakae bega kwa bega. Kila nikikaa na wewe nalikumbuka hilo.

Mimi nilikaa hivyo na mjomba wako. Yetu ilikuwa Mario Kart 64, kioo kinagawanyika mara nne, tukiwa na watoto wenzetu wawili, kila mmoja akichungulia robo ya mwenzake kuona ameokota nini. Kulikuwa na barabara moja, Yoshi Valley, ambayo njia zake zinagawanyika hovyo, na mahali pa kuonyesha nafasi yako gemu inaweka alama ya kuuliza tu. Hapo kelele zilikuwa kubwa kuliko kwingine kote, maana kila mtu anaamini yeye ndiye wa kwanza. Mjomba wako hakuniachia hata siku moja. Nililia, nikasusa, nikarudi. Nilipomshinda nilikuwa na miaka kumi na moja, na nilijua ni kweli kwa sababu nilimwona usoni: alikuwa na jasho, na mdomo ulikuwa wazi kidogo. Hakunipongeza. Alifuta mikono kwenye suruali, akasema, "Tena. Barabara nachagua mimi."

Jana uliwahi mno kuondoka. Ungegeuka ungeniona nami nafuta mikono.

Tangu siku ile kwetu ikawa sheria kwamba aliyeshindwa ndiye mwenye kuchagua barabara, na wewe hujawahi kuisikia kwa sababu haijawahi kuhitajika. Nimechagua Rainbow Road, ile iliyotoka kwenye gemu ya utoto wangu, ndefu, inayokwenda mzunguko mmoja tu. Padi zote mbili nimezichaji. Ukitoka shule, kazi yako ya nyumbani kwanza, halafu nakusubiri kwenye kochi.

Mama yako