Dada, aliyeiona kromosomu ya 47 ni Marthe Gautier

Dada, shikamoo. Mpe mama na wote hapo nyumbani salamu zangu, mimi huku Paris ni mzima, baridi tu ndo inasumbua. Voisi yako nimeisikia. Yaani mpaka leo kuna watu wanakwambia eti mwanao Junior kawa vile sababu kuna kitu ulikosea ulipokuwa na mimba, au kuna mtu kawachezea? Usiwasikilize kabisa dada. Na kwa kuwa umeuliza hiyo trisomi 21 iliyoandikwa kwenye karatasi ya hospitali ni nini na nani aliyeigundua, ngoja nikujibu kwa kirefu, maana iligunduliwa hapahapa Paris, hospitali ya Trousseau, na jinsi mambo yalivyoenda kunaniuma.

Kitu chenyewe ni hivi, mtu kwa kawaida kwenye seli zake ana kromosomu 46, yaani vile vinyuzi vinavyobeba urithi, zimekaa jozi jozi, Junior ile namba 21 anazo 3 badala ya 2, kwa hiyo jumla 47. Kwa watoto wengi inatokea pale yai la mama au mbegu ya baba inapotengenezwa, zile mbili zinashindwa kuachana. Basi. Hakuna ulichokula, hakuna ulichobeba, na hakuna mchawi hapo.

Sasa aliyegundua. Huku ukiuliza, wengi watakutajia profesa Jérôme Lejeune, hata kwenye kozi yangu ya uuguzi mwalimu alitaja jina hilo moja akaendelea na mengine. Ila aliyeziotesha zile seli, yaani kuzikuza kwenye maabara nje ya mwili, na kuiona hiyo ya 47 kwa macho yake ni mwanamke, daktari Marthe Gautier, mtoto wa wakulima, daktari wa moyo wa watoto. Mwaka 1955 alipata skolashipu ya kwenda Harvard kule Boston kusomea mioyo ya watoto, na akiwa huko akapewa na kibarua kwenye maabara ya kuotesha seli, ndo akaijua hiyo kazi. Karudi Paris, mwaka 1956 bosi wake profesa Raymond Turpin naye katoka kwenye mkutano Copenhagen, kule gumzo lilikuwa kwamba kromosomu za binadamu ni 46 (kabla ya hapo vitabu vilikuwa vinasema 48), na Turpin tangu zamani alikuwa anahisi hali ya Down, ndo hiyo hiyo trisomi 21 ya Junior, inatokana na kromosomu ila Paris hakuna wa kumuoteshea seli. Marthe akasema mimi nimejifunza, nipeni chumba.

Chumba akapewa. Friji, sentrifuji na hadubini ya hali ya chini, hela hakuna. Hapa ndo naomba usome taratibu dada. Akakopa hela kwa jina lake mwenyewe akanunua vyombo vya vioo. Seli zinahitaji plazma, yale majimaji ya damu, akatafuta jogoo akamfuga awe anamtoa damu. Zinahitaji siramu ya binadamu, nayo ni majimaji yanayobaki damu ikiganda, akajichoma sindano akatumia damu yake mwenyewe! Akachukua vipande vidogo vya nyama vya watoto waliokuwa wanafanyiwa operesheni, akaviotesha, kwanza watoto wasio na hali ya Down, akahakikisha ni 46 kweli, halafu ndo akaletewa kipande cha mtoto mwenye Down. Ikawa 47. Hiyo ni Mei 1958.

Shida hadubini yake haikuwa na uwezo wa kupiga picha. Lejeune alikuwa mtafiti kwa huyohuyo Turpin, anakuja kuja pale maabara, akasema nipe slaidi, vile vioo vyenye seli, nikazipigishe picha sehemu nyingine. Akampa. Marthe alisimulia baadaye kwamba picha hazikumrudia, kila akiuliza anaambiwa ziko kwa Turpin, kumbe Agosti mwaka huohuo Lejeune yuko Montreal kwenye mkutano anaongelea ile 47. Makala ikatoka Januari 1959, na haraka ilikuwepo kweli kwa sababu Waingereza kina Patricia Jacobs kule Edinburgh walikuwa karibu kabisa kufika palepale, wao yao ilitoka miezi michache tu baadaye. Jina la kwanza Lejeune. La pili la Marthe, tena limekosewa, wameandika Marie Gauthier. Mtu umetoa damu yako halafu hata jina lako hawajui kuliandika!

Mimi simwiti Lejeune mwizi, picha alizipigisha, na zile mistari ya viganja vya watoto wenye Down alikuwa ameshaichunguza na Turpin kabla. Ila mwaka 1962 alipewa tuzo ya wakfu wa kina Kennedy Marekani, baadaye akawa profesa wa jenetiki, na kwa miaka mingi watu wakawa wanasema yeye ndo aligundua. Marthe akaachana na kromosomu akarudi kwa wagonjwa wake wa moyo, akanyamaza karibu miaka 50. Mwaka 2014, ana miaka 88, akaalikwa Bordeaux aelezee na apewe tuzo, taasisi yenye jina la Lejeune ikapeleka maafisa wa mahakama warekodi atakachosema, waandaaji wakaogopa wakafuta hotuba, medali akapewa pembeni. Bibi wa miaka 88 dada! Mwaka huohuo kamati ya maadili ya Inserm, taasisi ya serikali ya utafiti wa afya, ikasema haielekei kwamba mchango wa Lejeune ndo ulikuwa mkubwa kuliko wa wengine kwenye ugunduzi huo. Marthe alifariki Aprili 2022, na miaka 96.

Kwa hiyo yule shangazi akirudi na maneno yake ya laana mwambie hayo, na umtajie jina, Marthe Gautier, aliyefanya kazi mpaka ikajulikana mama hana kosa.

Jingine la muhimu. Watoto wenye hali hii karibu nusu yao wanazaliwa na tatizo la moyo, na Junior unasema anachoka haraka na midomo inabadilika rangi akilia. Usisubiri kliniki ya mwezi ujao, mpeleke wiki hii umwambie daktari unataka eko ya moyo, yaani ultrasaundi ya moyo. Hela nimetuma leo kwenye namba ya shemeji, ya eko na nauli, ikipungua sema.

Mdogo wako,
Paris