Mbona Noah ya shemeji mmechaji nusu?

Wiki iliyopita mteja wetu mmoja kanuna kweli kweli. Kaleta Noah kumwaga oili ya gia boksi, tumempa bei, akapiga simu hapo hapo mbele yetu kwa shemeji yake ambaye naye analeta gari kwetu, kumbe shemeji mwezi uliopita alilipa nusu ya hiyo. "Ile Noah na hii Noah, au mmeniona nina hela?" Akawasha akaondoka. Na siyo wa kwanza, hili neno linarudi kila mara, ndo maana leo naandika maana linaniuma, hapa gereji hatumpangii mtu bei kwa kumwangalia usoni.

Jamani Noah siyo gari moja. Ya shemeji ni ile tunayoiita old model, kodi ya chasisi SR40, zilianza kutoka 1996 kwa majina mawili, TownAce Noah na LiteAce Noah. Injini iko chini ya siti za mbele, ukitaka kubadili plagi unainua siti kwanza, tairi za nyuma ndo zinasukuma na mlango wa kuslaidi ni mmoja tu, wa kushoto. Gia boksi yake ni otomatiki ya kawaida, inakula haidroliki, oili ya otomatiki ya kawaida, ambayo kila duka la spea wanayo. Ya huyu bwana aliyenuna ni ZRR70, hizo zimeanza 2007, injini ni 3ZR ipo mbele chini ya boneti, tairi za mbele zinavuta, milango ya kuslaidi pande zote mbili, na gia boksi ni CVT. Hapo ndo bei zinapoachana.

CVT ndani haina gia za meno za kupokezana kama ile nyingine, kuna puli mbili na mkanda wa chuma, puli zinajibana na kujiachia ndo mwendo unabadilika. Ule mkanda unashika kwa kubanwa tu, na oili ndo inafanya chuma kishikane na chuma bila kulana. Oili yake inaitwa CVTF, kwa Toyota kuna TC na kuna FE, lazima ujue gari inataka ipi, na kiwango unapima ikiwa imepata moto, siyo unamimina unafunga unamwambia mteja twende. Kopo lake ni ghali, sisi tunanunua ghali, hamna uchawi hapo.

Sasa watu wanakwepa hiyo bei wanaenda kwa fundi anayewaambia "oili ni oili bosi". Kuna mama mmoja anabeba watoto wa shule na Voxy (Voxy na Noah ni mapacha, chuma kile kile sura tofauti), alikuja gari inatetemeka ikianza kuondoka, na akiipandisha mlima injini inalia mshale unapanda gari haiendi. Wiki tatu nyuma alikuwa amemwagiwa haidroliki. Tukashusha sampu, yaani bakuli la oili la gia boksi, pale chini kuna visumaku vya kunasa chuma, kawaida unakuta unga laini mweusi kama masizi ya sufuria, vya kwake vilikuwa na chembe zinang'aa, ukisugua kwa kidole unasikia zinakwaruza. Nilimwita aje aguse mwenyewe. Puli zilikuwa zimeshachubuka, hapo hata ungeweka oili gani haisaidii, ikabidi anunue gia boksi nzima ya mtumba, na ile hela aliyookoa kwa fundi haikutosha hata kuisafirisha hiyo gia boksi kutoka Dar kuja Arusha.

Katikati ya hizo mbili kuna AZR60, ilitoka mwishoni mwa 2001 ikaenda mpaka 2007, na hii ndo inachanganya kuliko zote. Mwanzoni ilikuwa na otomatiki ya kawaida ya gia nne, walivyoifanyia marekebisho 2004 wakaweka CVT, kwa hiyo magari mawili yanafanana kabisa yamepaki hapa nje na kila moja lina oili yake. Halafu injini yake ni D-4, petroli inapulizwa moja kwa moja ndani ya silinda, haipiti juu ya valvu za kuingizia hewa kuzisafisha, kwa hiyo masizi yanajazana pale na gari inaanza kumisi. Kijana mmoja alishabadilisha koili za plagi zote nne na plagi mara mbili kabla ya kutufikia, tulivyofungua manifodi njia za hewa zilikuwa zimebaki nyembamba kwa ukoko mweusi. Tulikwangua na kuosha siku nzima mpaka jioni. Anasema tulimchaji sana, lakini zile koili alizotoa zilikuwa nzima, angeanza kuja kwetu hela yake ingebaki mfukoni. Na ukiwa na D-4 tafadhali usiweke petroli ya kwenye chupa barabarani, pampu yake ya presha haipendi uchafu.

Alphard nazo ni hivyo hivyo. Zile zilizotoka 2008, ya 2.4 ina CVT, ya 3.5 ina otomatiki ya gia sita, ukiziangalia kwa nje huoni tofauti. Noah za 2014 kuja juu kuna za haibridi, hizo zina mambo yake, nitaziandikia siku nyingine.

Kwa hiyo kabla hujauliza bei tupigie picha kibati cha chasisi, tafuta chini ya boneti au ubavuni mwa mlango kutegemea na toleo, kuna mstari umeandikwa TRANS/AXLE. Kodi ya gia boksi iliyo kwenye huo mstari ikianza na K hiyo ni CVT. Tutakupa bei ile ile hata kama ni ndugu yangu ndo anauliza, na kopo tunalifungua mbele yako, oili ya zamani tunakuwekea kwenye chupa uione.

Yule bwana bado hajarudi. Kama unasoma hapa kaka, CVTF yako ipo stoo, haijafunguliwa.