Mianzi ya Kichaka: Itambue Kabla ya Kuipanda, Ipunguze Kabla Haijajisonga

Swali tunaloulizwa zaidi kitaluni kuhusu mianzi ni hili: "Haitanivunjia ukuta?" Mteja anaitazama, anayashika majani, anaipenda kabisa, kisha anarudi nyuma hatua moja na kuuliza. Hofu yake ina msingi. Ipo mianzi inayotambaa chini ya ardhi ikaibukia uwanjani kwa jirani. Lakini ipo pia mianzi ya kichaka, ambayo hukaa pale ulipoiweka na kunenepa taratibu kuelekea nje. Wengi wanaoikimbia hii ya pili wameumizwa na ile ya kwanza, au wamesimuliwa.

Tofauti kubwa iko chini ya udongo. Fukua kidogo kando ya mwanzi wa kichaka na utakuta shina la chini fupi, nene kuliko hata mwanzi wenyewe, limepinda kuelekea juu kama pembe ya ng'ombe. Ncha ya shina hilo ndiyo inayogeuka kuwa mwanzi mpya, kwa hiyo likishachomoza juu ya ardhi, safari yake imekwisha. Mwanzi unaofuata utatoka kwenye jicho la ubavuni mwake, karibu hapo hapo. Mwanzi unaotambaa una mpango mwingine kabisa. Shina lake la chini ni jembamba na refu, lina vifundo, na linakwenda mlalo bila kusimama. Ncha yake inazidi kusonga mbele huku machipukizi yakitoka kwenye vifundo vya nyuma, pengine mita kadhaa kutoka kwa mama.

Tulilijifunza hili kwa uchungu. Mwaka fulani tulinunua shehena ya miche tukiambiwa yote ni ya kichaka. Baada ya misimu miwili tuliona chipukizi likitoboa katikati ya njia ya kupitia toroli, mbali na tuta lake, na kazi ya kuing'oa mianzi ile ilituchukua siku nyingi. Tangu hapo hatuuzi mche kabla hatujautoa kwenye chungu na kuutazama chini. Ule unaotambaa mara nyingi utauona umezungusha kamba ya rangi ya maziwa kwenye ukingo wa chungu, ikitafuta pa kutokea. Wa kichaka umejikusanya katikati kama tangawizi. Popote unaponunua, omba uoneshwe. Muuzaji anayeijua kazi yake hatakukatalia.

Usitegemee jina la mtaani. "Mwanzi wa dhahabu" ni jina linalobebwa na Bambusa vulgaris ya njano yenye michirizi ya kijani, ambayo ni ya kichaka, na pia na Phyllostachys aurea, ambayo hutambaa. Kama mmea tayari umesimama bustanini, shika pingili iliyo juu ya kifundo chenye matawi. Phyllostachys ina mfereji unaousikia kwa kidole gumba, na kila kifundo hutoa kwa kawaida matawi makubwa mawili, moja likiwa dogo kuliko mwenzake. Bambusa ina pingili ya mviringo na matawi mengi yanayotoka kwa pamoja kama ufagio. Dalili hizi za juu husaidia, ila neno la mwisho ni la chini. Tena kuna mianzi kama Melocanna baccifera, ambayo shina lake la chini ni la kichaka kwa umbo lakini lina shingo ndefu, kwa hiyo mianzi yake husimama mbalimbali na kutawanyika kuliko unavyotarajia.

Kwa ua wa bustani ndogo, sisi huwaelekeza wateja kwenye Bambusa multiplex au Bambusa textilis. Dendrocalamus giganteus inaweza kufika mita 30 na unene wa sentimita 20 na zaidi. Nayo ni ya kichaka, haitatambaa, lakini kichaka chake hakina nafasi kwenye uwanja wa nyumba. Hata aina ndogo usiibandike ukutani. Iache mita moja au moja na nusu, maana siku moja utahitaji kupita nyuma yake ukiwa na msumeno.

Huo msumeno ndio kiini cha matunzo yote. Mwanzi wa kichaka unaoachwa bila kupunguzwa hujisonga wenyewe. Machipukizi mapya hutokea zaidi pembezoni, mizee inabaki katikati, inakauka, inaangukiana, na hewa haipiti. Mteja mmoja alituita akisema mianzi yake inakufa. Tulipofika tulikuta nje kumezunguka visiki vitupu. Kila mwaka alikuwa akikata iliyo rahisi kufikiwa, na iliyo rahisi kufikiwa ndiyo michanga. Ndani kulikuwa kumejaa mianzi ya kijivu, mingine ikivunjika tukiigusa. Tulifungua njia upande mmoja mpaka katikati, kichaka kikabaki na umbo la kiatu cha farasi, tukaitoa mikavu yote. Msimu uliofuata kilichipua vizuri.

Kwa hiyo jifunze kuusoma umri. Mwanzi wa mwaka wa kwanza una unga mweupe kwenye pingili na bado umevaa maganda sehemu za chini. (Tahadhari na maganda hayo: vinyweleo vyake huwasha, vaa glavu.) Wa mwaka wa pili na wa tatu umevua maganda na rangi imekolea. Mzee umefifia, umeota madoa ya kuvu na ukungu mkavu, na ukiugonga unalia kwa sauti kali zaidi. Njia yetu ni rahisi kuliko zote: kila chipukizi likishakomaa tunaliandika mwaka wake kwa kalamu ya wino usiofutika, usawa wa kifua. Kata iliyovuka miaka mitatu, isizidi theluthi moja ya kichaka kwa mara moja, na kata juu kidogo tu ya kifundo ili kisiki kisibaki kikombe cha kukinga maji ya mvua.

Jambo moja huwashangaza wengi. Mwanzi hauongezeki unene baada ya kuchomoza. Unatoka ardhini na unene wake wa maisha yote, na ndani ya miezi michache unamaliza kurefuka. Kinachokua ni kizazi: machipukizi ya msimu huu huwa manene kuliko ya msimu uliopita mpaka kichaka kikomae. Ukikata kilele, mwanzi huo hautarefuka tena kamwe, utajaza matawi tu. Kwa ua hilo ni jema.

Maji ni muhimu zaidi miaka miwili ya mwanzo. Majani yakijikunja kama sigara mchana, umechelewa kumwagilia. Lakini usiipande mahali maji yanaposimama, mizizi itaoza. Mwanzi ni jamii ya nyasi, unapenda samadi iliyoiva, na wakati wake mzuri ni kabla ya msimu wa machipukizi. Majani yaliyoanguka yaache chini, ndiyo matandazo bora kwake. Na ukiona majani mengi ya njano kwa wakati mmoja huku mapya yakifunguka, usishtuke, unabadilisha nguo tu. Njano isiyofuatwa na jani jipya ndiyo ya kutuita.

Ukiwa na mwanzi usioujua, tuletee pingili moja yenye matawi yake pamoja na picha ya pale mwanzi unapotokea ardhini, udongo ukiwa umefukuliwa kidogo. Kwa hayo mawili mara nyingi tunaweza kukuambia kama unatambaa au ni wa kichaka, na kama ni wa kichaka, tutakuonesha uanzie upande gani kuupunguza.