Swali la nani kamuumba Mungu lisijibiwe kwa kofi

Bwana Mhariri,

Naomba nafasi kidogo nimjibu yule msomaji alieandika kwamba vijana wa Malindi wameharibika na simu, ati siku hizi wanakaa maskani usiku kucha wanaulizana Mungu ametoka wapi na huu ulimwengu wahitaji muumba wa nini, na dawa yao kwa maoni yake ni wazazi na maalim wakaze mkono. Na hapo hapo nimjibu yule kijana alomrudishia majibu toleo lilofuata, akasema sayansi ishamaliza kazi na kilobaki ni wazee kukubali tu. Wote wawili naona wamefunga mjadala kabla haujaanza.

Mimi ni muislamu, nasali, na imani yangu iko pale pale, nasema mapema ili mtu asianze kunitafutia jina. Lakini jamani hili swali halikuletwa na TikTok. Liko kwenye hadithi, Bukhari na Muslim wote wameipokea kwa Abu Huraira, kwamba shetani humjia mtu akamuuliza nani kaumba hiki, nani kaumba kile, mpaka afike kwa nani kamuumba Mola wako, na mtu akifika hapo ajikinge kwa Allah na akomee. Sasa wengi wetu tumeishika hadithi hii kama bakora ya kumpigia mtoto, tukasahau kwamba yasema swali litakuja, na litawajia watu wema pia. Kwenye Muslim kuna masahaba waliomwendea Mtume wakamwambia tunapitiwa na mawazo moyoni hata kuyatamka twaona makubwa, akawaambia hiyo ndo imani ya wazi. Hapakuchapwa mtu.

Na majirani zetu wakristo nao wanalo la kwao. Augustino, askofu wao wa zamani, aliezaliwa huko ambako leo ni Algeria na kufa mwaka 430, aliulizwa Mungu alikuwa akifanya nini kabla hajaumba mbingu na ardhi. Anasimulia kwamba kuna mtu alilijibu swali hilo kwa mzaha, kwamba alikuwa akiwatayarishia moto wadadisi. Augustino akasema yeye hajibu hivo, kwani ni kumcheka mtu alieuliza jambo zito. Jibu lake yeye ni kwamba wakati wenyewe uliumbwa pamoja na ulimwengu, kwa hivo hakuna hiyo "kabla" unayoiuliza. Unaweza kulikubali ama kulikataa, lakini huyo ni mtu alokaa chini akafikiri.

Tatizo letu ni kwamba tunawafunza watoto hoja mbovu halafu tunakasirika wakiibomoa. Utamsikia mtu barazani, kahawa mkononi, "kila kitu kina aliekitengeneza, jahazi lina fundi wake, basi na ulimwengu una Mungu." Mtoto wa darasa la nne atakuuliza, kama ni kila kitu, je Mungu naye? Na ana haki. Sentensi hio yajiua yenyewe, uliposema kila kitu hukubakisha hata kimoja. Bertrand Russell, yule mwanafalsafa wa Uingereza, alikuwa akiiamini hoja ya aina hii mpaka alipofika miaka 18, akasoma maneno ya John Stuart Mill, mwanafalsafa mwenzake, kwamba babake Mill alimfunza swali la nani kaniumba halina jibu kwa sababu papo hapo lazaa swali la nani kamuumba Mungu. Russell akaiacha, na mwaka 1927 akalisema hilo hadharani London, na mpaka leo vijana wa maskani wanarudia maneno yake bila hata kumjua. Na kwa sentensi ile ya barazani, alishinda kihalali.

Ila wale mafundi wa kweli wa jambo hili hawakusema "kila kitu". Imam Ghazali aliefariki mwaka 1111 alisema kila chenye mwanzo kina sababu ya kuanza kwake, na ulimwengu una mwanzo, basi una sababu. Chenye mwanzo! Mungu asiekuwa na mwanzo hayumo kwenye hesabu hio, na mwislamu anaesoma Qul huwallahu kila siku ashatamka lam yalid walam yulad, hakuzaa wala hakuzaliwa, mara nyingi kuliko anavokumbuka. Najua kijana atasema hapo mmeongeza neno la kujihami, mmemtoa Mungu kwa mlango wa nyuma. Ni haki yake kusema hivo, kwa hivo nimpe mfano nione kama utamtosha.

Wewe umekopa elfu moja kwangu. Mimi sikuwa nayo, nimeikopa kwa jirani, jirani kaikopa kwa mwenye duka, mwenye duka kaikopa kwa shemeji yake, na huyo shemeji naye kakopa mahali. Sasa ikiwa kila mmoja kwenye mlolongo huo anakopa na hakuna hata mtu mmoja mwenye elfu yake mwenyewe, mlolongo urefushe uwezavyo, uvushe Kiunga uingie mpaka Somalia, hio noti haifiki mkononi mwako abadan. Lakini imefika, unayo, ushanunua unga. Basi kuna mtu mahali alikuwa nayo bila kukopa. Ukimfikia huyo ukamuuliza "na wewe umekopa kwa nani" hujamtega, hujaelewa tu kwa nini ulikuwa ukimtafuta. Na huu si ujanja niloubuni mimi. Ibn Sina, mwanafalsafa wa kiislamu aliefariki 1037, ndo njia yake hii, kwamba vitu vyote tunavoviona vingeweza kuwepo na vingeweza kutokuwepo, uwepo wao ni wa kuazima, kwa hivo lazima kiwepo kisichoazima.

Sasa hapa ndo napenda vijana waje kwa nguvu, kwa sababu jibu la nguvu wanalo na hawalitumii. Waseme hivi: sawa mzee, tumekubali kuna mwenye noti yake, lakini kwa nini asiwe ulimwengu wenyewe? Ndo alivosema Russell mwaka 1948 kwenye redio ya BBC alipojadiliana na padri mmoja aitwae Copleston, kwamba ulimwengu upo tu, basi, hakuna la zaidi la kuuliza. Hio ni hoja ya mtu mzima. Na ukiitazama utaona kwamba pande zote mbili zasimama mahali, muumini anasimama kwa Mungu, na asieamini anasimama kwa ulimwengu, hakuna anaerudi nyuma milele. Ugomvi ni wapi pana haki ya kusimama. Mimi nikiutazama ulimwengu sioni sura ya kitu kinachojitosha, kila tunachopima ndani yake chabadilika, chaanza, chaisha, nyota zenyewe huzaliwa na kufa, na mjumuiko wa waazimaji sioni vipi ugeuke kuwa tajiri. Atakaenambia kwamba kisichokuwa kwa kimoja kimoja chaweza kuwa kwa vyote kwa pamoja, nitamwambia hapo umesema, njoo tukae tena. Sidai nimefunga mtu mdomo.

Tuje kwenye sayansi maanake kijana wetu ameitaja kama mtu anaemtaja polisi. Alietoa wazo kwamba ulimwengu ulianza ukiwa kitu kidogo mno chenye msongamano mkubwa ni Georges Lemaître, mwaka 1931, na alikuwa mwanafizikia na padri, mbelgiji. Jina la Big Bang, yaani mlipuko mkubwa, lilitoka redioni 1949 kwa Fred Hoyle, mwanasayansi wa anga ambae hakuipenda kabisa hio nadharia, yeye akitaka ulimwengu usiokuwa na mwanzo. Halafu Penzias na Wilson, wanasayansi kule Marekani, wakawa na antena ya redio inayotoa kelele isiyoisha, wakadhani ni mavi ya njiwa waliotaga ndani, wakasafisha, kelele iko pale pale, na 1965 ikatangazwa kwamba ile ni mabaki ya joto la mwanzo. Umri wa ulimwengu leo wanaukadiria miaka bilioni 13.8.

Masheikh na mapasta tukaruka juu, hayaa, mwanzo umepatikana! Hata Papa Pius wa 12 mwaka 1951 alihutubia kwa maneno yaliokaribia kusema kwamba sayansi imeshuhudia siku ya kuumbwa, na alieudhika ni nani? Lemaître mwenyewe, padri, aliona fizikia yake isigeuzwe ushahidi wa dini. Na naona alikuwa na busara. Hesabu za Einstein ukizirudisha nyuma mpaka mwanzo kabisa zavunjika, hazisemi tena kitu, na hapo wanasayansi wenyewe hawajaafikiana, wapo wanaodhani kulikuwa na hali nyengine kabla. Ikithibiti kesho kwamba ilikuwepo, wewe ulietundika imani yako kwenye Big Bang utaacha kusali? Ibn Sina aliona ulimwengu hauna mwanzo na bado wamtegemea Mungu kila dakika. Ghazali akamkufurisha kwa hilo, Ibn Rushd, mwanafalsafa wa Cordoba aliefariki 1198, akamjibu Ghazali. Na kwa wakristo Thomas Aquinas katika karne ya 13 aliamini ulimwengu una mwanzo kwa sababu ya maandiko, akasema kwa akili peke yake hauthibitiki. Ndo nasema huyu mzee wa mkono mkali ajue anataka kuwachapa vijana kwa jambo ambalo wakubwa zetu walilumbana kwa vitabu.

Na kijana nae asijione ametoroka. Stephen Hawking, mwanafizikia wa Uingereza, mwaka 2010 aliandika kwamba kwa kuwa kuna sheria kama ya mvutano, ulimwengu waweza kujiumba kutoka kwa hakuna kitu. Sasa mvutano si kitu? Ukiwa na sheria tayari una jambo la kuulizia limetoka wapi, umehamisha swali ukaliweka chumba cha pili. Wengine nao "hakuna kitu" chao ukikichungua ni uwanda wa nguvu unaochemka. Hio kwetu si hakuna.

Kuna na wale wanaosema haya mambo ya anga ni hekaya za wazungu hayatuhusu. Hao wanipa hasira kabisa. Tarehe 12 Desemba 1970, siku ya Jamhuri, kutoka kwenye jukwaa la Waitaliano la San Marco baharini pale Ngomeni, hapa juu yetu tu, ilirushwa setilaiti ya kwanza iliotengenezwa kwa kazi moja ya kutafuta eksirei za angani, na kwa heshima ya siku ile ikaitwa Uhuru. Ndo iliosaidia kuifanya Cygnus X-1, kitu cha angani kinachotoa eksirei, ishukiwe kuwa shimo jeusi, lisilotoa hata mwanga, na mkuu wa kazi hio Riccardo Giacconi alipewa Nobel 2002. Watoto wangapi wa Malindi wanajua? Basi wafunzwe, halafu waulizwe pia: chombo kile kilihesabu vinavyowaka huko juu, je kuna chombo cha kupima kwa nini kuna chochote cha kuhesabiwa?

Kwa hivo mzee wangu, mtoto aliechapwa kwa swali halisahau hilo swali, hulipeleka kwenye simu, na simu haichoki kujibu wala haioni haya. Mpe maalim anaejua Ghazali alisema nini, na kama hayuko karibu mtafuteni. Nawe kijana, nakuuliza moja tu na nataka jibu humu humu gazetini: mimi nikisema Mungu yupo bila kusababishwa waniambia nimekimbia swali, wewe ukisema ulimwengu upo tu waiita sayansi, ruhusa hio ya kusimama ulipopenda umepewa na nani? Bwana mhariri akileta jibu mpe ukurasa mzima, usimpunguzie.

Msomaji wenu,
Shela, Malindi.