Kwa vijana wa kamati ya mfereji, kabla hamjapeleka andiko kwa mfadhili

Wanangu,

Andiko la mradi mliloniletea nimelisoma lote, mara mbili. Haraka yenu naielewa. Tangu Marekani ilipofunga shirika lake la misaada, USAID, mwaka 2025, vikundi vingi vinahangaika kutafuta mfadhili mwingine. Nawajibu hadharani kwa sababu skimu nyingine za umwagiliaji nazo zimo katika hali hiyohiyo.

Siwezi kusema misaada haina maana, maana nimesomesha watoto kwa matunda yake. Wajapani walipokamilisha skimu ya Lower Moshi mwaka 1987, hekta iliyokuwa ikitoa kama tani mbili za mpunga ilifika tani sita. Mbegu ilikuwa aina ya IR54, na matrekta yalikuja. Lakini mimi nakumbuka zaidi kamba. Kamba ya kawaida yenye mafundo, watu wawili wanaivuta kutoka ukingo hadi ukingo wa jaruba, akina mama wameinama na miche mkononi, kila penye fundo unachomekwa mche. Ikikatika unaiunga palepale, na nyingine ipo dukani kwa Mangi. Leo watoto wetu wanapandikiza kwa mistari bila kujua kwamba kuna mtu aliyetufundisha.

Maji ndiyo yalitushinda. Mito ya Rau na Njoro ilipigiwa hesabu ya kunywesha hekta 1,100 za mpunga. Wenzetu wa juu walipoona magunia yetu, nao wakachonga majaruba, bila mradi wala mhandisi, wakafungulia maji kabla hayajatufikia. Sisi wa mkiani tukabaki na ardhi iliyopasuka. Wapo waliowaita wezi. Sikubaliani nao hata leo. Watu wale walijifunza kwa kutazama tu, na tangu siku ya kwanza hakuna aliyewaita kikaoni.

Kule Hanang, mkoani Manyara, ni vivyo hivyo, tena vibaya zaidi. Kuanzia miaka ya 1970 hadi mwanzoni mwa miaka ya 1990 Kanada iligharamia mashamba ya ngano kule Basotu, ekari zipatazo laki moja. Ngano ilivunwa kweli. Lakini ardhi ile ilikuwa malisho ya wafugaji wa Kibarabaig, nao wakaidai hadi mahakamani. Mashine na spea zilitoka ng'ambo, na mfadhili alipoondoka, shirika la umma lililoachiwa mashamba halikumudu kuyaendesha.

Sasa nirudi kwenye andiko lenu. Mmeomba pampu mbili, pikipiki, ofisi na posho za semina. Kikundi changu nacho kiliwahi kupewa pampu na mradi mmoja. Msimu wa pili ulichanika mpira mdogo wa ndani, mdogo kama pete ya kidoleni. Tuliutafuta Moshi, tukautafuta Arusha, hatukuupata. Pampu ikakaa kibandani mpaka kuku wakatagia chini yake. Na hata mpira ungepatikana, mfuko wa kamati haukuwa na hela ya kuununua. Hilo lilikuwa kosa letu, si la mfadhili.

Nimetafuta kwenye kurasa zenu nani atanunua dizeli mwaka wa tatu, sikuona. Nimetafuta neno moja kuhusu watu wa juu ya banio, pale maji yanapoingilia mfereji wetu, sikuona pia. Halafu nikaomba daftari la ada ya maji: msimu uliopita waliolipa hawafiki nusu ya wanachama. Wanangu, hili linaniuma kuliko mfadhili aliyeondoka. Mfereji wenyewe umejaa matope, na mara ya mwisho kuitisha msaragambo, ile kazi ya pamoja ya kijiji, wa kuusafisha siikumbuki.

Lizuieni andiko kwa msimu mmoja. Kusanyeni ada, hata kwa debe la mpunga kwa asiye na fedha. Zoeni matope. Mkishajua mnaweza kulipia nini wenyewe, ombeni kile kisichowezekana kwenu, na mwombe mafunzo kwanza.

Jumamosi alfajiri napanda kwa wazee wa juu kuzungumzia zamu za maji. Mwenyekiti na mhazini tufuatane, daftari likiwa mkononi. Tutatembea kwa miguu kandokando ya mfereji, tuone unavuja wapi.

Mzee wenu wa Chekereni