Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka: Tupime, Tuache Kukisia

Wazee wa kraali, yaani maboma yetu ya mifugo, akina mama wa vikundi vya akiba, wahudumu wa afya ya mifugo, na ninyi vijana mnaochunga: salaam. Hesabu za fedha atazisoma mweka hazina, kwa hiyo sitazigusa. Mimi nitasema kuhusu mifugo, na zaidi kuhusu kosa moja ambalo kamati imelikuta kila ilikopita hapa Karamoja, kaskazini mashariki mwa Uganda, kuanzia Amudat hadi Kotido: tunakisia. Tunakisia uzito wa ng'ombe na kipimo cha dawa, halafu mnyama akifa tunasema dawa ni feki. Dawa feki zipo, sikatai. Lakini nyingi zilizolaumiwa zilikuwa nzima.

Nianze na kupe. Dawa ya kuua kupe yenye amitrazi asilimia 12.5 huchanganywa mililita 2 kwa kila lita ya maji. Bomba la mgongoni la lita 20 linataka mililita 40, la lita 15 linataka 30. Wengi wetu tunapimia kifuniko cha chupa, na vifuniko havilingani: cha chupa ndogo si cha chupa kubwa. Ukipunguza dawa, kupe dhaifu hufa, sugu hubaki na kuzaa, na baada ya misimu michache dawa ileile haifanyi kitu hata ukiimwaga chupa nzima. Wenzetu wa Ankole, kusini magharibi mwa nchi, wameshafika huko, sisi bado tuna nafasi. Pimeni kwa bomba la sindano lisilo na sindano, lenye mistari. Maji yawe safi, maana tope huziba pua ya bomba na kudhoofisha dawa. Mchanganyiko wa jana umwagwe shimoni mbali na maji, usitumike tena.

Kunyunyizia nako kuna njia yake. Zebu, ng'ombe wetu wa kienyeji mwenye nundu, akiwa mkubwa anahitaji lita 4 hadi 5 ili alowe kabisa. Ukimpitishia mgongoni tu, umemwogesha vumbi. Kupe anayeeneza ugonjwa wa ndigana hupenda ndani ya masikio, basi anzeni huko, kisha chini ya mkia, kwenye kiwele na katikati ya mapaja. Akishauma, kupe huyo huhitaji siku 3 hadi 4 kabla vijidudu vya ndigana havijakomaa mateni mwake. Kwa sababu hiyo anayeogesha mara moja kwa mwezi anajisumbua bure. Kwa zebu, kila siku 7 penye kupe wengi. Chotara wa maziwa wanahitaji mara mbili kwa juma.

Ndigana ikishaingia, utaona tezi zimevimba chini ya sikio na mbele ya bega, mwili unachemka, na baadaye mnyama anahema kwa shida na kutoa povu puani. Buparvakwoni, dawa ya sindano ya kutibu ndigana, hufanya kazi vizuri siku za mwanzo. Kipimo chake, kwa chupa yenye miligramu 50 kwa mililita, ni mililita 1 kwa kila kilo 20, na hapo ndipo uzito unapokuwa na maana. Ng'ombe wa kilo 250 anahitaji mililita 12.5. Aliyekisiwa kilo 150 atapewa 7.5, atapata nafuu siku mbili, kisha ataanguka, na pesa ya dawa imekwenda.

Mizani ya ng'ombe hatuna, ila futi kamba ya fundi cherehani inatosha. Msimamishe mnyama sawasawa, zungusha kamba kifuani nyuma tu ya miguu ya mbele, soma sentimita. Kisha pima urefu kutoka ncha ya bega hadi mfupa wa makalio. Zidisha mzingo kwa mzingo, zidisha kwa urefu, gawanya kwa 10,840. Mzingo wa 150 na urefu wa 120 vinatoa karibu kilo 249. Simu yoyote yenye kikokotoo inamaliza kazi. Kosa la kawaida ni kupima mnyama aliyetoka kunywa maji, au kuilegeza kamba kwa kuogopa teke.

Kamba hiyohiyo iende nanyi sokoni. Dalali anaangalia kwa jicho, na jicho lake limezoea kupunguza. Wewe ukitaja kilo, mazungumzo hubadilika. Uzeni kati ya Septemba na Novemba ng'ombe akiwa na mwili. Kusubiri hadi Februari ni kuuza mifupa, na karantini ya ugonjwa wa miguu na midomo ikitangazwa, soko lenyewe hufungwa na hakuna wa kumlalamikia.

Mbuzi. Wanachama kadhaa wamenunua kwa pesa ya mpango wa serikali wa maendeleo ya parishi, ile isiyozidi shilingi 1,000,000 kwa kaya. Ni jambo jema, lakini mbuzi wa mnadani huingizwa zizini jioni ileile. Ugonjwa wa sotoka ya mbuzi na kondoo, uliothibitishwa Karamoja mwaka 2007, husafiri hivyo. Mgeni akae peke yake siku 21, na chombo chake cha maji. Chanjo ya sotoka ni mililita 1 chini ya ngozi na kinga hudumu walau miaka 3, mradi ikae kwenye baridi ya nyuzi 2 hadi 8. Ikishachanganywa itumike ndani ya saa moja, kivulini. Chanjeni alfajiri. Chanjo iliyokaa juani saa sita mchana ni maji tu.

Na minyoo: msinyweshe zizi zima kwa mazoea. Fungua kope ya chini ya mbuzi. Ikiwa nyekundu, mwache. Ikiwa nyeupe kama karatasi, mnyweshe leo.

Malisho ya kiangazi yalitushinda, nakiri kwa niaba ya kamati. Nyasi zilikatwa zikiwa zimeshakomaa na kuwa vijiti. Zikatwe zinapoanza kutoa maua, zianikwe siku 2 au 3 zikigeuzwa. Sokota konzi moja mkononi: ukihisi unyevu, bado. Zikifungwa mbichi huota ukungu, na rundo linaweza hata kushika moto lenyewe. Sanduku la mbao lisilo na kitako wala kifuniko, sentimita 85 kwa 55 kwa 45, hutoa robota la karibu kilo 20 zikikanyagwa vizuri kwa miguu. Ng'ombe wa kilo 250 anayebaki nyumbani hula kilo 6 hivi kwa siku. Kwa siku 90 ni kilo 540, yaani marobota 27. Yapangwe juu ya magogo, mchwa wasifike. Na yaliwe na wanaonyonyesha, wenye mimba na ndama. Najua dume la mwenye kraali lina wimbo wake na mwenye kraali mwenyewe huitwa kwa jina la dume hilo, lakini dume hilo linaweza kwenda malishoni kwa miguu yake.

Kuhusu mabwawa nitasema machache. Ng'ombe wakiingia majini hubomoa kingo, na tope hulijaza bwawa. Uzio wa miiba na birika la kunyweshea upande wa chini hugharimu kidogo kuliko kuchimba upya. Wafugaji wageni kutoka Turkana, Kenya, wanaofika bwawa la Kobebe wakati wa kiangazi waelezwe utaratibu huo siku ya kwanza, kwa heshima, na wazee wa pande zote mbili.

Kamati inaomba mkutano huu upitishe ununuzi wa futi kamba moja na bomba moja la sindano la mililita 50 kwa kila kraali, na masanduku ya marobota yatengenezwe na mafundi wetu wenyewe kabla nyasi hazijatoa maua. Mhudumu wa afya ya mifugo wa kila kraali avichukue, aweke sahihi, na aandike daftarini kila mnyama aliyetibiwa: uzito, dawa, mililita, tarehe.